Habari za Tiba ya Kazi

Bila shaka, ewe msomaji, umepata kuingia hospitali. Umemwona daktari akipima na muuguzi akichoma sindano, na habari za mpasuaji umezisikia. Labda hukumwona mtu mmoja ambaye chumba chake aghalabu kiko nyuma ya majumba mengine, na ndani yake mna vitu usivyotazamia kuviona mahali pa wagonjwa: randa na msumeno, uzi wa kufuma, sufuria na mwiko, shati lenye vifungo vikubwa, mipira ya watoto. Huyo ni tabibu wa kazi. Mgonjwa akiisha kuokolewa na daktari, lakini akawa hawezi kufunga kifungo, wala kuinua kijiko, wala kurudi shambani kwake, hukabidhiwa kwa mtu huyu. Dawa anayotoa haimo katika chupa. Ni kazi yenyewe.

Neno kazi lisikudanganye. Hapa maana yake si ajira ya mshahara tu. Kazi ni kila shughuli inayomshika mwanadamu tangu kuamka hata kulala: kuoga, kuvaa, kupika, kusoma, kulima, kucheza. Mtoto mchanga naye ana kazi, na kazi yake ni mchezo.

Lakini yapasa ujue tangu mwanzo kwamba usemi wa kuwa kazi huponya umetumiwa na watu wa namna mbili. Wako walioutumia kwa kumhurumia mgonjwa, na wako walioutumia kwa kutaka jasho lake bure. Habari za tiba hii ni habari za kuwatenga watu hao wawili, na haikuwa rahisi.

Zamani katika Ulaya wagonjwa wa akili walifungwa minyororo kama wahalifu. Katika mwaka wa 1793, Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuwa yamepamba moto, daktari Philippe Pinel alipewa kazi katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Vitabu vingi vitakuambia kwamba yeye ndiye aliyewafungua wagonjwa wa Bicêtre. Sivyo hasa. Aliyeiondoa minyororo ile ni msimamizi wa wagonjwa, Jean-Baptiste Pussin, katika mwaka wa 1797, na wakati huo Pinel alikwisha hamia hospitali nyingine. Pussin hakuwa daktari. Aliingia Bicêtre kwanza kwa kutibiwa, akapona, akabaki kuwatumikia wengine. Sifa ya mtu mdogo huelekea kuchukuliwa na mwenye cheo, kwa hiyo lishike jina lake. Pinel kwa upande wake aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1801 kwamba kila nyumba ya wagonjwa wa akili yapaswa iwe na kazi za mikono. Alitoa mfano wa hospitali ya Zaragoza katika Hispania, ambako wagonjwa walikwenda kila siku viwandani na mashambani, na wengi wakapona. Waliosalia na ugonjwa wao ni makabaila, walioona kazi ya mikono ni aibu.

Karibu na wakati huo, katika mji wa York, Uingereza, mfanyabiashara wa majani ya chai aliyeitwa William Tuke alijenga nyumba ya wagonjwa pamoja na wenzake wa dini ya Marafiki. Mwenzao mmoja, Hannah Mills, alikuwa amekufa katika hospitali ya mji ule mwaka wa 1790, nao hawakuridhika na jinsi alivyotunzwa. Nyumba yao ilifunguliwa mwaka wa 1796. Humo wagonjwa walishona, walitunza bustani, na walifuga sungura na kuku, maana Tuke na wenzake waliona kwamba mtu anayetunza kiumbe dhaifu kuliko yeye hujifunza kujitawala.

Mambo haya mema hayakudumu. Katika karne ya 19 nyumba za wagonjwa wa akili zilikua zikajaa mamia, kisha maelfu ya watu. Kazi ilibaki, lakini roho yake ilitoka. Wagonjwa walifua nguo za hospitali, walilima viazi vyake, walisugua sakafu zake, na faida ilikuwa ya hospitali. Fikiri mwenyewe: mgonjwa aliye fundi hodari wa kufua, nani atakuwa na haraka ya kumruhusu kwenda kwao? Katika Marekani ilibidi mahakama iingilie kati, nayo ikaamua mwaka wa 1973 kwamba mgonjwa anayeifanyia hospitali kazi ya mfanyakazi apewe haki za mfanyakazi, yaani mshahara. Nasi katika Kenya tumeonja uchungu wa jambo hili kwa namna iliyo mbaya zaidi. Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya kikoloni ilisema kwamba kazi katika kambi za vizuizi ilikuwa njia ya kuwarekebisha waliofungwa. Tarehe 3 Machi, 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 walikufa kwa kupigwa kwa sababu walikataa kufanya kazi hiyo. Mwanzoni serikali ilisema wamekufa kwa maji waliyokunywa.

Twende sasa katika mji mdogo wa Clifton Springs, katika jimbo la New York. Huko aliishi George Edward Barton, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majumba. Alishikwa na kifua kikuu. Baadaye mguu wake wa kushoto ukaharibika hata sehemu yake ikakatwa. Na baada ya kupasuliwa upande wake wote wa kushoto ulipooza. Mtu wa namna hii wengi wangemwekea kitanda penye jua na kungoja. Barton alinunua nyumba, akaweka chumba cha useremala na bustani, akajilazimisha kushika nyundo na jembe kwa mkono usiotaka kushika, kidogo leo, zaidi kidogo kesho. Mwili ukaanza kutii. Katika mwaka wa 1914 aliifungua nyumba ile kwa wengine, akaiita Nyumba ya Faraja.

Tarehe 15 Machi, 1917, watu sita walikutana katika nyumba hiyo kwa siku tatu. Barton alikuwapo, na katibu wake Bibi Isabel Newton, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Alikuwapo daktari wa akili William Rush Dunton, na mwalimu wa sanaa za mikono Susan Cox Johnson, na Thomas Kidner, mchora majumba kama Barton, aliyekuwa akiwashughulikia askari majeruhi wa Kanada. Wa sita alikuwa Eleanor Clarke Slagle. Watazame watu hawa: daktari mmoja tu, na waliobaki ni wachoraji, mwalimu, katibu, na mwanamke aliyejifunza ustawi wa jamii. Hao ndio walioanzisha chama cha kwanza cha tiba ya kazi katika Marekani. Muuguzi Susan Tracy, ambaye tangu mwaka wa 1910 alikuwa amekwisha toa kitabu juu ya shughuli zifaazo wagonjwa, alihesabiwa pamoja nao ingawa hakuweza kufika.

Kwa maoni yangu aliyefanya makubwa kuliko wote ni Bibi Slagle. Alijifunza Chicago mwaka wa 1911, kisha akafanya kazi Baltimore pamoja na daktari Adolf Meyer. Wagonjwa aliopewa ni wale walioachwa na wengine, watu waliokaa miaka pembeni ya ukuta bila kusema wala kujiosha. Bibi Slagle hakuanza na vikapu. Alianza na saa. Aliigawa siku yao yote: saa ya kuamka, ya kunawa uso, ya kula mezani, ya kazi ndogo, ya mchezo, ya kulala; na siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, wiki baada ya wiki. Aliamini kwamba ugonjwa umewavunja mazoea yanayomshikilia mtu, na kwamba mazoea hujengwa upya kama ukuta, tofali juu ya tofali.

Majuma matatu tu baada ya mkutano wa Clifton Springs, Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi likahitaji watu wa kuwasaidia majeruhi kurudi katika maisha, likaandika wanawake, likawafunza upesi upesi, na katika mwaka wa 1918 baadhi yao wakapelekwa Ufaransa. Hawakupewa cheo cha kijeshi. Hata hivyo madaktari waliowadharau mwanzoni waliona vidole vilivyokakamaa vikifunguka kwa kufuma na kuchonga, na baada ya vita hospitali ziliendelea kuwataka.

Uingereza ilichelewa kidogo. Daktari Elizabeth Casson hakuanza masomo ya udaktari katika ujana wake wa mwanzo. Kwanza alifanya kazi London katika nyumba za maskini. Alipata digrii mwaka wa 1919, mwanamke wa kwanza kupewa digrii ya udaktari katika chuo kikuu cha Bristol. Alipofanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili alichoshwa na uvivu na huzuni ya wodi zake. Siku moja ya Jumatatu aliingia akakuta wodi za wanawake zimegeuka: watu wanazungumza, nyuso zimechangamka. Alipotazama aliona kwamba wamepewa mapambo ya Krismasi wayatengeneze. Wengine wangetabasamu wakapita. Yeye alilifuata jambo hilo, akasafiri Marekani mwaka wa 1926 kuona yanayofanywa huko, na tarehe 1 Januari, 1930, akafungua Dorset House, shule ya kwanza ya tiba ya kazi katika Uingereza. Ilikuwa katika mtaa wa Bristol uitwao Clifton, nami sijui kama yeye alicheka alipoona jina hilo limerudi tena. Mwaka wa 1952 chama cha dunia nzima kiliundwa, na rais wake wa kwanza alikuwa Margaret Fulton wa Aberdeen, Uskochi.

Kwetu Kenya nyumba ya kwanza ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa Nairobi mwaka wa 1910, mahali palipotumiwa kwanza kuwatenga wenye ndui. Ndiyo hospitali ya Mathari. Mafunzo ya tiba ya kazi yalianza Nairobi katika mwaka wa 1968, katika chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu ambacho leo hujulikana kwa herufi KMTC. Kabla ya hapo aliyetaka elimu hii ilimpasa avuke bahari.

Sasa labda wauliza: kumpa mtu kazi, je, hilo ni jambo la kusomea? Chukua mfano wa mama mkulima aliyepatwa na kiharusi, mkono wa kulia umelegea. Tabibu wa kazi haanzi kwa kumwambia afanye hili au lile. Humuuliza anataka kufanya nini. Mama akijibu kwamba anataka kusonga ugali mwenyewe, basi tabibu huivunja kazi hiyo vipande vipande, kama fundi afunguavyo saa. Kusimama mbele ya jiko kwahitaji miguu na uzani wa mwili. Kushika sufuria kwahitaji mkono mmoja, kuzungusha mwiko mwingine, na unga ukishika huhitaji nguvu ya bega. Kujua umeiva kwahitaji akili na kumbukumbu. Kisha hupima ni kipande kipi kilichopotea. Kipande kinachoweza kurudi hukizoeza. Kisichorudi hukitafutia njia nyingine: sufuria huzuiwa kwa kitu isizunguke, mpini wa mwiko hunenepeshwa kwa mpira wa baiskeli, mama huketi badala ya kusimama. Hapo utaona kwa nini anayefanya hivi ajue mifupa, misuli na mishipa ya fahamu, na ajue pia nyumba za watu na mila zao. Aliyejifunza vitabuni tu atamfundisha mama huyo kula kwa uma.

Ukitaka njia hii, baada ya kidato cha nne utasoma diploma miaka mitatu, na walio na uwezo huendelea na digrii. Biolojia usiitupe. Utasoma maumbile ya mwili, magonjwa, na elimu ya nafsi. Utajifunza kutengeneza mabanzi ya kunyosha mkono uliounguzwa na moto. Na chama cha dunia kinataka mwanafunzi yeyote afanye kazi kwa wagonjwa, chini ya mwalimu, kwa saa zisizopungua 1,000 kabla ya kuhitimu. Utapelekwa hospitali ya kaunti, au shule ya watoto wenye ulemavu, au wodi ya akili. Utakutana na watu wasioelewa kazi yako, na pengine vifaa havitakuwapo.

Juu ya vifaa nikupe habari moja ya mwisho. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kuketi hulazwa chali siku nzima, na anayelala chali huona dari tu. Kiti chake maalumu kikiagizwa ng'ambo huwa ghali mno kwa mkulima. Katika Zimbabwe mwalimu mmoja, Bevill Packer, alibuni namna ya kuunda vitu imara kwa karatasi kuukuu na makatoni, tabaka juu ya tabaka, vikigandishwa kwa uji mzito wa unga na kuanikwa juani. Ustadi huo umeenea katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo. Tabibu wa kazi humpima mtoto mapaja, mgongo na kichwa, na kiti huundwa kwa kipimo chake peke yake, pamoja na meza ndogo mbele. Mzazi huitwa ashiriki katika kubandika karatasi, ili mtoto akikua ajue kutengeneza kikubwa zaidi. Kiti kikikauka hupakwa rangi, mtoto huketishwa, na mikono yake miwili, iliyokuwa ikihangaika hewani, hupata meza ya kutua.