Nani Aliwafundisha Watumishi wa Serikali Yetu?

Siku hizi maneno «utawala bora» yamo midomoni mwa wengi. Vyuo vikuu hufungua mafunzo kwa ajili ya wakuu wa ofisi, mahakimu, wakusanya kodi na watawala wa wilaya. Mwishoni hati hutolewa, picha hupigwa, na kila mmoja hurudi kazini kwake. Mzazi anayekwenda kuandikisha mtoto wake aliyezaliwa, au mjane anayetafuta hati ya kiwanja alichoachiwa na marehemu, ana haki ya kuuliza: mafunzo hayo yamebadili nini mbele ya meza ya karani? Swali hilo si geni. Historia ya nchi yetu imekwisha kulijibu zaidi ya mara moja, nasi yatupasa kuyasikiliza majibu yake.

Tuanzie wakati wa ukoloni. Serikali ya Ubelgiji iliwaachia wamisionari sehemu kubwa ya kazi ya shule, na shule hizo zilieneza kusoma na kuandika kuliko katika makoloni mengi ya Afrika. Lakini elimu ya utawala ilikuwa na kikomo chake. Mkongo alifundishwa kuandika barua, asifundishwe kuamua barua hiyo ijibiwe vipi. Joseph Kasa-Vubu, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alikuwa karani katika idara ya fedha mjini Leopoldville. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza, alikuwa karani wa posta mjini Stanleyville. Wote wawili walikuwa watu wa akili na bidii, na wote wawili walikuta mlango wa vyeo vya juu umefungwa.

Tofauti moja yafaa ikumbukwe. Wakati wa uhuru mapadre Wakongo walikuwa wakihesabika kwa mamia, kwa sababu seminari kubwa ziliwafundisha vijana filozofia na teolojia kwa miaka mingi, kisha zikawakabidhi parokia. Walei waliopata diploma ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini. Akili ya Mkongo haikuwa na upungufu wowote. Palipokuwa na nia ya kumwandaa mtu na kumpa madaraka, watu walipatikana. Pasipokuwa na nia hiyo, hawakupatikana.

Nia hiyo ilikuja kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha Lovanium, binti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya mlima Amba, karibu na Leopoldville, kikiongozwa na Monsinyori Luc Gillon. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Serikali kilianza kufundisha mjini Elisabethville. Lakini mti uliopandwa jana haukuweza kutoa kivuli leo. Mkutano wa Meza ya Mviringo ulifanyika Bruxelles mwanzoni mwa mwaka 1960, na uhuru ukatangazwa tarehe 30 Juni mwaka uleule. Kati ya maelfu ya vyeo vya juu vya utawala, Wakongo walikuwa na vitatu tu. Mahakimu Wakongo hawakuwapo. Mwezi wa Julai askari wa Force Publique waliasi, na watumishi wengi wa Kibelgiji wakakimbia kwa muda wa majuma machache. Ofisi zilibaki na makarani waliojua mafaili yalipo, lakini ambao hawakuwa wamewahi kuruhusiwa kuyatia sahihi.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Kanali Mobutu aliwakabidhi Serikali wanafunzi na vijana waliokuwa wametoka tu masomoni, wakaitwa Makamishna. Baadhi yao walikatiza masomo ili kuongoza wizara. Serikali hiyo haikumaliza hata miezi sita. Lilikuwa jibu la kwanza la historia: diploma peke yake haimfanyi mtu kuwa mtawala, hasa ikiwa madaraka yake yametoka mkononi mwa mwenye silaha badala ya kutoka katika sheria.

Jibu la pili lilitia moyo zaidi. Mwaka 1961 ilianzishwa Leopoldville Shule ya Kitaifa ya Sheria na Utawala, iliyojulikana kwa kifupi kama ENDA, kwa msaada wa Ford Foundation ya Marekani. Kazi yake ilikuwa wazi: kuwaandaa kwa haraka, bila kudharau ubora, mahakimu na watawala waliokosekana. Waliotoka humo walitumwa katika mahakama na wilaya, na wengi wakashika nafasi ambazo miaka michache kabla yake hakuna Mkongo aliyezikaribia. Shule hiyo ilifaulu kwa sababu ilifungamana na kazi. Aliyejifunza alijua anangojewa wapi, na ofisi iliyomngojea ilimhitaji kweli.

Basi kwa nini matunda yale hayakudumu? Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Kitaifa cha Zaire, na ENDA ikamezwa humo. Lakini pigo kubwa zaidi lilitoka nje ya darasa. Chama kimoja kilikuwa kimewekwa juu ya taasisi zote, na mkuu wa jimbo au wa wilaya akawa pia mkuu wa Chama mahali pale. Mtumishi aliyefundishwa kuitii sheria alijikuta akipimwa kwa shangwe na utii kwa mtu mmoja. Tarehe 25 Novemba 1977 Rais Mobutu mwenyewe, katika hotuba juu ya «ugonjwa wa Zaire», alikiri kwamba kila kitu nchini kinauzwa na kununuliwa, na kwamba hata kipande kidogo cha mamlaka ya umma kimegeuka kuwa bidhaa. Ugonjwa ulijulikana, na aliyeutaja alikuwa na uwezo wa kuutibu. Hakuutibu.

Benki ya Dunia ilipoanza mwaka 1989 kusema kwamba Afrika ina shida ya utawala, ilitaja kwa jina jipya jambo ambalo sisi tulikuwa tumekwisha kulionja. Miaka ya 1990 ikaja na uporaji na kuanguka kwa sarafu. Mshahara wa mtumishi haukutosha hata nauli, na wazazi wakaanza kubeba mzigo wa kumlipa mwalimu. Mtu asiyelipwa na Serikali hulipwa na anayemhudumia. Na anayelipwa na anayemhudumia huacha kuwa mtumishi, akawa mchuuzi wa sahihi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 193, inasema kwamba utawala wa umma hauna chama, hauna upendeleo, na hakuna mwenye haki ya kuutumia kwa faida yake au ya kundi lake. Baada yake iliamuliwa kuanzishwa tena Shule ya Kitaifa ya Utawala, ENA, ambayo ilianza kupokea vijana kwa njia ya mtihani wa ushindani. Ni hatua njema. Lakini kijana aliyeshinda mtihani huo anaweza kumkuta ofisini mzee aliyepita umri wa kustaafu, ambaye hathubutu kuondoka kwa kuwa pensheni haimtoshi kuishi. Anaweza kumkuta pia mkuu aliyewekwa pale na ndugu yake. Akikosa wa kumlinda, atachagua kati ya kunyamaza na kufanana nao.

Hapo ndipo majibu yote ya historia yanapokutana. Wakoloni walikuwa na ofisi, wakatunyima elimu. ENDA ilitoa elimu, ofisi ikaikataa. Mafunzo ya leo yatafuata njia ileile ikiwa cheo hakitolewi kwa mtihani, ikiwa mshahara haufiki kwa wakati wake, na ikiwa anayekataa rushwa ndiye anayehamishwa. Chuo kikuu kinaweza kumfundisha mtu bajeti, sheria na hesabu za umma, lakini hakiwezi peke yake kumlinda siku atakapoyatumia aliyofundishwa. Ulinzi huo ni kazi ya Serikali, ya mahakama, na pia yetu sisi tunaosimama mbele ya meza ile: tudai risiti, tungoje zamu yetu, na tusimtafute ndugu wa kutupitishia faili mlango wa nyuma.