Kihenge cha Upepo na Mfuko Usiopitisha Hewa

Kabla ya paa za bati kuenea Binza na Bariadi, kaya ya Kisukuma ilijulikana kwa mbali kwa vihenge vyake. Kihenge kilifumwa kwa fito, kikakandikwa udongo na samadi, kisha kikaezekwa nyasi. Hakikuwekwa chini hata siku moja. Kilikalia mawe makubwa au magogo, na kuku wakapumzika uvunguni jua likiwa kali.

Kuku walijipatia kivuli tu. Uvungu uliachwa kwa sababu nyingine. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji, hunata masika na kupasuka kiangazi. Nafaka ikiulalia, unyevu hupanda na ukungu hufuata. Upepo unaopita chini hukausha sakafu ya kihenge, na mwenye kaya akiinama tu huona njia ya mchwa au alama za panya kabla mambo hayajaharibika.

Kuhifadhi kwa kufunga nako si kugeni. Magharibi zaidi, kwenye misitu ya miyombo, Wanyamwezi na baadhi ya Wasukuma walibandua magome ya miti wakatengeneza vilindo, wakavijaza nafaka na kuviweka ndani ya nyumba. Richard Burton, aliyefika Unyamwezi mwaka 1857, aliviona na kuviandika. Kwa hiyo njia zote mbili zilikuwepo, na kila moja ilifuata mali ya mahali: penye miyombo, gome, penye mbuga tupu, fito na upepo.

Kihenge kilifaa hasa kwa mtama na uwele, punje ndogo na ngumu. Mahindi yalipochukua nafasi mashambani na mezani, udhaifu wake ukaanza kuonekana. Kisha akaja dumuzi.

Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Nchini Tanzania alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengine wakamwita Scania, kwa jina la malori. Ni wa jamii ya wadudu watoboa miti, na hapo ndipo kihenge kilipopata adui wa kweli: alisaga magunzi yenye mahindi yakawa unga, kisha akatoboa hata fito na nguzo zilizoyabeba. Mabwana shamba wakaanza kufundisha kinyume cha desturi. Pukuchua mahindi, changanya na dawa ya unga, weka kwenye chombo kinachofungwa. Hewa, iliyokuwa rafiki wa mkulima kwa vizazi, ikageuka mlango wa mdudu.

Dumuzi hakuwa peke yake katika kukiondoa kihenge. Operesheni Vijiji ya 1974 ilihamisha kaya nyingi za mkoa wa Shinyanga, ambao sehemu kubwa ya mkoa wa sasa wa Simiyu ilikuwa ndani yake hadi 2012, na familia iliyohamishwa haibebi kihenge kichwani. Gunia likaingia chumbani.

Leo unauzwa mfuko wa tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja ya kufumwa nje. Ulianzia kwenye utafiti wa kuhifadhi kunde nchini Kamerun, ukiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza oksijeni, huacha kula na hufa bila dawa yoyote. Ni kazi nzuri mno, na inastahili kufika kila kijiji cha Simiyu.

Lakini mfuko haukaushi. Kihenge kiliendelea kuondoa unyevu uliobaki. Mfuko huufungia ndani. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara, na kuvu wanaotoa sumu hiyo hustawi penye nafaka isiyokauka. Kumuuzia mkulima mfuko bila kumfundisha kukausha ni kumpa nusu ya ujuzi, tena nusu yenye hatari.

Kipimo kipo, nacho ni rahisi. Tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, acha kwa robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado mabichi: yarudishe juani, juu ya turubai, wala usifunge mfuko siku hiyo.