Kulinda Lango Si Kutawala Mchezo

Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea inaachana hapo na ile ya Mbeya na Tunduma, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Kwa hiyo ubishi wa Njombe, kilometa zipatazo 60 tu, hushuka stendi pamoja na magunia ya viazi.

Ubishi mmoja ni wa tangu mwaka 2017, Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu. Tarehe 10 Septemba Yanga, waliokuwa mabingwa, walikwenda Uwanja wa Sabasaba wakashinda bao 1-0, la Ibrahim Ajib, kwa mpira wa adhabu. Wapo wanaosema hadi leo kwamba wakubwa wale walibanwa. Timu ndogo ikijaza watu nyuma, wanasema, ndiyo inayoutawala mchezo, maana mkubwa analazimika kucheza asivyotaka.

Hoja hiyo si ya kuchekwa. Inter Milan ya kocha Helenio Herrera ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965 kwa mtindo ambao Waitaliano waliupa jina la komeo. Lakini wasifiaji wa komeo husahau kwamba timu ile ilikuwa na Mazzola mbele, na beki Facchetti aliyepanda kufunga. Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, Inter ilipata bao la penalti dakika ya 7 dhidi ya Celtic, kisha ikarudi nyuma kulilinda. Celtic waliligonga lango lile hadi wakashinda 2-1. Je, ni nani aliyetawala siku ile?

Tuje nyumbani. Agosti 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola ikiwa na bao 1-0 la Dar es Salaam, ikitafuta nafasi ya kwenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Sare ilitosha. Hapo ndipo kila mzee wa mpira angeshauri kujifungia ndani, na mimi pengine ningeshauri hivyo hivyo. Zambia wakafunga kwanza. Ulinzi peke yake usingetupeleka Lagos. Aliyetupeleka ni Peter Tino, aliyesawazisha mechi ikielekea ukingoni.

Miaka zaidi ya 40 baadaye, tarehe 21 Januari 2024, tulikutana na Zambia hao hao San Pedro, Ivory Coast. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, na kabla ya mapumziko Zambia wakabaki 10 uwanjani. Watu 11 dhidi ya 10, bao mkononi! Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Siku tatu baadaye tulitoka 0-0 na Kongo, tukarudi nyumbani. Zile dakika mbili zilizobaki zinaniuma kuliko mabao matatu tuliyofungwa na Morocco katika mechi ya kwanza.

Anayetawala mchezo anaweza kuamua uishe vipi. Anayelinda tu anasubiri mwenzake akosee, na mwenzake akipata mpira mmoja wa adhabu, kazi yote imekwisha.

Halafu kuna hesabu ambayo stendi hawaipendi. Msimu ule wa 2017/18 ligi ilikuwa na timu 16, mechi 30 kwa kila timu. Ukitoka sare zote 30 unapata pointi 30. Jirani yako akishinda mechi 10 na kufungwa 20, naye ana pointi 30. Wakati ushindi ulipokuwa na thamani ya pointi mbili, jirani huyo angekuwa na 20 tu, na mwenye komeo angelala usingizi.

Simba nao walikwenda Sabasaba Aprili 2018, wakashinda 2-0. Msimu ulipokwisha wao walikuwa mabingwa, na Njombe Mji ikashuka daraja pamoja na Majimaji ya Songea.