Mtoto wa Miezi Sita na Hesabu ya Umri Wake

Imam Malik (aliyefariki mwaka 179 Hijria) amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) aliletewa mwanamke aliyejifungua kwa miezi sita, akaamuru apigwe mawe. Sayyidna Ali (r.a.) akapinga kwa dalili: Suratul Ahqaf aya ya 15 imejumlisha mimba na kunyonyesha kuwa miezi 30, na Suratul Baqara aya ya 233 imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili. Ukitoa 24 katika 30, hubaki 6. Uthman akatuma watu wamrejeshe, wakakuta ameshauawa.

Kwa dalili hiyo mafakihi wakashika kuwa uchache wa mimba ni miezi sita, na nasaba ya mtoto huyo ikathibiti.

Miezi sita ya mwandamo ni siku 177 hivi. Matabibu huhesabu tangu hedhi ya mwisho, basi kwao ni takriban wiki 27. Anayezaliwa kabla ya wiki 28 humwita njiti wa mapema mno.

Huko Kang'ata mama wa njiti huweza kulaumiwa kuwa hamlishi mwanawe, kwa kuwa hakui kama wenzake. Hesabu hapa pia ni muhimu. Mpaka miaka miwili, ukuaji wake hupimwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa: aliyetangulia miezi mitatu, akiwa na miezi minane, alinganishwe na wa miezi mitano. Tena utafiti wa Korogwe wa 2008 hadi 2010 ulionesha kuwa malaria ya mjamzito hupunguza ukuaji wa mtoto tumboni.

Basi tuhesabu kwanza, ndipo tuhukumu.