Upesi wa Kuzaa Ufunguo

Msomaji, ukipita Kericho au Bomet asubuhi utawaona wachumaji wa chai mashambani, makapu mgongoni. Jioni mizani ya kituoni husema kilo, lakini kilo si neno la mwisho. Karani hutazama pia kama yaliyochumwa ni majani mawili na chipukizi lake. Aliyekimbilia uzito akachanganya majani yaliyokomaa huweza kurudishiwa mzigo wake. Basi upesi hupimwa, ila hausifiwi peke yake. Kanuni hiyo ya shambani itatuongoza katika historia ya kitu kingine kabisa: ufunguo wa siri unaozaliwa ndani ya kipande kidogo cha silikoni, kiitwacho chipu.

Kitu hiki hakiko mbali na nyumba ya mkulima. M-PESA ilipoanza nchini Kenya, tarehe 6 Machi 2007, ilitegemea siri zilizotiwa katika kadi ndogo ya simu. Mwaka 2017 Kenya ilianza kutoa pasipoti zenye chipu. Siri nyingine hutiwa kiwandani. Nyingine chipu huzizaa yenyewe, ili asizione mtu yeyote. Lakini chipu ya kadi ina nguvu haba. Kazi ambayo kompyuta kubwa huimaliza kufumba na kufumbua, chipu huweza kuihangaikia kwa sekunde nyingi.

Kazi hiyo ni ipi? Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, huko Marekani, walitangaza wazo la kutumia funguo mbili: mmoja wa wazi, mwingine wa siri. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni njia ya kulitimiza, nayo huitwa RSA. Njia hiyo hutaka namba tasa mbili kubwa mno. Kuzizidisha ni rahisi. Kuzitambua kutokana na zao lake ni kazi inayoshinda kompyuta zote tulizo nazo, iwapo zilichaguliwa vema.

Hapo ndipo muda unapopotea. Ufunguo wa biti 2048 huhitaji namba tasa mbili zenye tarakimu 300 na zaidi kila moja. Katika ukubwa huo, kwa wastani namba witiri moja tu katika 355 hivi ni tasa. Chipu hubahatisha namba, huijaribu, huitupa, hubahatisha nyingine. Leo itabahatika mapema, kesho itachelewa. Kwa hiyo mpimaji hawezi kuamini jaribio moja. Yampasa aanzishe saa amri inapotolewa, aisimamishe jibu linapotoka, arudie mara nyingi, kisha aandike wastani pamoja na muda mfupi kabisa na muda mrefu kabisa.

Sasa sikiliza yaliyotokea watu walipotamani upesi. Kampuni ya Infineon ya Ujerumani iliweka katika chipu zake njia ya mkato: namba hazikubahatishwa kwa uhuru wote, bali zilijengwa kwa kiolezo maalumu ili namba tasa ipatikane mapema. Saa iliisifu kazi hiyo. Lakini mwezi wa Oktoba 2017 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Masaryk katika nchi ya Cheki, walitangaza kwamba kiolezo kile kiliacha alama katika ufunguo wa wazi, na kwamba kwa alama hiyo ufunguo wa siri ungeweza kutafutwa kwa gharama iliyo ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Nchini Estonia kadi za raia zipatazo 750,000 zilihusika, na mwezi wa Novemba serikali ikalazimika kusimamisha vyeti vyake mpaka vifanywe upya. Vyeti vipya vilitumia hesabu ya mikunjo iliyopendekezwa mwaka 1985 na Neal Koblitz na Victor Miller. Katika njia hiyo chipu haitafuti namba tasa kila mara. Hivyo ufunguo huzaliwa upesi bila ya kuibia usalama.

Waona, msomaji, kwamba upesi wenyewe haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuipima saa na kusahau kulipima jani. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Siku utakapopewa kazi ya kupima chombo chochote, uliza maswali mawili, kama karani wa chai: ni kiasi gani, na ni cha namna gani?