Isotopi Thabiti: Habari Iliyomo Ndani ya Unyoya wa Kunguru

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, alfajiri wamachinga hawajatandika bidhaa, kunguru ndio wenye soko. Wanapasua mifuko ya taka na kugombea ukoko wa ugali wa mama lishe. Niliokota unyoya mmoja wa ubawa, nikaupangusa vumbi. Ndani yake mmeandikwa alichokula kunguru mwenyewe, na njia ya kukisoma ni uchanganuzi wa isotopi thabiti.

Isotopi ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake "mahali pamoja". Frederick Soddy alilitumia mwaka 1913, baada ya kupendekezewa na daktari Margaret Todd. Atomu za kaboni 12 na kaboni 13 zinakaa chumba kimoja katika jedwali la elementi. Ya pili imezidi nyutroni moja tu, basi ni nzito zaidi. Niliwahi kuziita "atomu pacha", nikaacha. Pacha hulingana, ilhali katika atomu 100 za kaboni, ya 13 ni moja hivi. Isotopi ibaki isotopi.

Uzito wote uko kwenye kivumishi "thabiti". Ukitamka isotopi, watu huwaza mionzi na bomu. Hizo ni isotopi nururifu, zinazogeuka zenyewe na kutoa mionzi. "Imara" hainiridhishi, kwa kuwa huleta picha ya nguvu, kama ukuta. "Thabiti" humwambia msomaji kwamba kitu hakigeuki. Unyoya huu ukikaa kwenye bahasha miaka 50, kaboni 13 yake itakuwa ileile.

Mahindi, mtama na miwa hufanya usanisinuru kwa njia tofauti na mpunga, muhogo na maharage, hivyo huwa na kaboni 13 nyingi zaidi. Kunguru aliyeshibia ugali wa mahindi hutofautiana na aliyeshibia wali. Mtafiti asiharakishe lakini: mabaki ya kuku aliyelishwa pumba za mahindi nayo husomeka upande wa ugali. Nitrojeni 15, isotopi nyingine thabiti, huongezeka kwa takriban 3 kwa elfu katika kila ngazi ya ulaji, kwa hiyo anayeshinda soko la samaki la Feri akila matumbo ya samaki hujulikana. Unyoya ukishakomaa haupati damu tena. Ncha ndiyo iliyoota kwanza, shina likaja mwisho. Ukikatwa vipande, husimulia majuma yote ya kuota kwake. Damu husahau mapema zaidi.

Kunguru wa aina hii aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka. Leo ametapakaa pwani nzima, na hula mayai na makinda ya ndege wetu. Kujua ni kiasi gani anaitegemea taka ya soko ni kujua kama kuizoa mapema kutampunguza.

Walimu na wahariri, nawaombeni: msiliache neno la pili. Andikeni isotopi thabiti, yote mawili, kila mara.