Mshale Muongo: Stori ya Vijana Waliohesabu Meno ya Gia

Wadau, kuna watu kwenye historia ya magari ambao majina yao hutayakuta popote. Hawakuvumbua injini, hawakufungua kiwanda. Ni vijana wa Marekani wa miaka ya 1960, mikono imejaa grisi, waliofungua difu za magari yao ili yachomoke kama risasi. Wakafanikiwa. Ila wakirudi barabarani wanakuta spidomita imekuwa muongo.

Jina moja tu ndilo tunalo hapa, la Otto Schulze wa Strasbourg, aliyesajili uvumbuzi wa spidomita mwaka 1902. Ujanja wake ni mtamu. Waya unaozunguka unatoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi, na mwisho wake unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini inakivuta kizunguke nayo, huku springi nyembamba ikikizuia. Sumaku ikiongeza kasi, kikombe kinavutika zaidi na mshale unapanda. Basi, hakuna cha ziada. Kitu hicho kimekaa kwenye magari kwa miaka mingi sana.

Shida ni kwamba spidomita hiyo haijui tairi inafanya nini. Inachojua ni waya umezunguka mara ngapi. Kwenye magari mengi ya Kimarekani ya enzi hizo, waya ulichukua mwendo mkiani mwa giaboksi, yaani kabla ya kufika kwenye difu. Kiwandani walishapiga hesabu kwa kufuata difu na tairi zilizokuja na gari. Gusa kimoja, hesabu imekufa.

Na vijana waligusa! Mashindano ya robo maili, mita 402 hivi, yalikuwa yamepamba moto. Chama cha NHRA kilishaanzishwa tangu 1951 kuwatoa mabarabarani na kuwaingiza kwenye viwanja maalum. Chukua gari lenye difu ya 3.08. Maana yake propela shafti inazunguka mara 3.08 ndipo tairi izunguke mara 1. Ukifunga ya 4.11, injini inapata nguvu ya kulisukuma gari, linaruka kutoka kwenye mstari. Lakini propela sasa inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Gawanya 4.11 kwa 3.08, unapata kama 1.33. Gari likitembea kilomita 90 kwa saa, mshale unasoma 120.

Nahisi wapo waliokaa kimya makusudi. Nani asingependa kumwambia demu "tumegonga 120" wakati ukweli ni 90? Lakini odomita nayo inakula waya uleule. Gari lililotembea kilomita 30,000 linaandika 40,000. Siku ya kuliuza, sifa zote zinakatwa kwenye bei.

Upande wa pili ndio wa hatari. Mwanzoni mwa 1974, baada ya mafuta kuadimika, Marekani iliweka sheria ya kikomo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88. Mtu akiamua kuondoa difu ya 4.11 na kurudisha ya 3.08 ili abane mafuta, bila kurekebisha spidomita, mshale unaposoma 88 yeye yuko 117. Anajiona mpole kabisa, kumbe anapaa. Hapo kuna faini, na kuna breki unazozikanyaga umeshachelewa.

Dawa ilikuwa kwenye kigia kidogo cha plastiki, saizi ya kidole gumba, kinachozungusha waya pale kwenye giaboksi. Unahesabu meno yake, unazidisha kwa ule uwiano. Kama kilikuwa na meno 18, zidisha kwa 1.33, unahitaji cha meno 24. Mara nyingi vilitengenezwa kwa rangi tofauti kulingana na idadi ya meno, kwa hiyo fundi mzoefu alijua kwa macho tu. Kikikosekana kinachoingia, unafunga kiboksi kidogo cha gia katikati ya waya. Kisha unajaribu: unashikilia mshale kwenye maili 60, rafiki kashika saa. Maili moja iishe kwa sekunde 60. Ikiisha kabla, unakimbia kuliko mshale unavyosema. Wale waliosema hesabu za darasani hazina kazi, hapa zimewakuta.

Mwaka 1972 Marekani ilishapitisha sheria ya kuzuia watu kuchezea odomita ili kumdanganya mnunuzi. Baadaye zikaja sensa za umeme, kazi ya kigia ikahamia kwenye kompyuta. Na tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuivuruga makusudi GPS ya raia, hata simu yako inaweza kuikosoa dashibodi.

Sisi huku wengi hatubadilishi difu. Tunabadilisha tairi. Ukifunga tairi yenye kimo kilichozidi cha zamani kwa asilimia 10, mshale unasoma 50 wakati gari liko 55, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako. Kwa hiyo wewe uliyeinua gari lako juzi, washa GPS ya simu, mpe aliyekaa pembeni aisome, shikilia 50, halafu njoo utuambie hapo chini imesoma ngapi.